Akaunti ya benki Ujerumani: angalia kwanza sanduku la barua

Haya wadau, habari za huko. Leo sijapika wala sijatoka, nimekaa hapa hapa kitandani, na mtanisamehe kwa huyo jirani anayetoboa ukuta. Video hii sikuipanga. Ni lile swali: "Kaka, nimefika Ujerumani, akaunti nafunguaje, na kadi inachukua siku ngapi?" Nimelijibu mmoja mmoja mpaka kidole kimechoka. Leo naongea mara moja, tumalizane.

Na kabla hamjaanza: nikigusa mambo ya benki, kuna watakaosema naringa na euro. Nikisema nilihangaika, wapo watakaoniambia "si urudi, nani kakulazimisha?" Wote nimewazoea. Mimi nasimulia kilichonikuta mimi, mwanafunzi, niliyeingia Machi 2025. Kuna mwenzangu alikuja na mkataba wa kazi mkononi, yake ilichukua wiki moja. Kwa hiyo yako ikienda tofauti usije kunishika shati.

Ya visa siyarudii, mnayajua. Ila hela ya Sperrkonto lazima niiseme, maana imeniharibia undugu. Mimi nilitakiwa kuonyesha euro 11,904 kwenye akaunti iliyofungwa ndipo visa itoke. Kwa pesa yetu ni zaidi ya milioni 30. Mama aliuza kiwanja, baba mdogo akakopa saccos, akiba yangu yote ikaingia humo humo. Sasa ukoo mzima ukapata habari kwamba fulani ana milioni thelathini benki Ulaya. Jamani, hela imefungwa! Inatoka euro 992 kwa mwezi, na hiyo hiyo ndiyo kodi, ndiyo bima, ndiyo chakula. Kuna mjomba wangu mpaka leo hapokei simu kwa sababu nilimwambia laki tano sina. Mjomba, kama unaangalia, shikamoo. Sikukudanganya.

Sasa hiyo 992 haiji mfukoni hivi hivi. Inataka akaunti ya kawaida yenye jina lako, ndiyo wakuingizie humo. Na benki niliyokwenda ikasema akaunti haifunguki bila Anmeldung, yaani karatasi ya kuandikishwa makazi. Chukulia ile barua ya serikali ya mtaa tunayopeleka benki nyumbani. Tofauti ni kwamba mwenyekiti wetu unamkuta barazani, mnasalimiana, anakuuliza hali ya mama, unatoka na mhuri. Huku unachukua miadi mtandaoni, na unakwenda na fomu aliyosaini mwenye nyumba kwamba kweli umehamia kwake. Sheria inakupa wiki mbili tangu uhamie. Miadi ya karibu niliyoipata mimi ilikuwa ya wiki ya tano. Na mwenye nyumba wangu wa kwanza fomu hataki kuisaini, anachotaka ni kodi tu, tena taslimu. Nikahama. Amana yangu hajarudisha mpaka leo, ila hiyo ni video nyingine, nikiianza hapa nitalia.

Kwa hiyo wiki saba nzima, tajiri wa ukoo anakula wali na mayai ya mkopo. Aliyenikopesha ni kijana wa Bujumbura niliyehamia kwake, mwenye Kiswahili chake kizuri cha Buyenzi. Alikuwa na daftari, kila nikichukua euro kumi anaandika. Hakunidai hata siku moja, ila lile daftari liliachwa mezani, wazi. Sijui kama mnanielewa.

Nikaona nisibanwe na ile ya dirishani, nijaribu benki za kwenye simu. Tangazo linasema dakika chache tu umemaliza. Unashika pasipoti mbele ya kamera, unageuza kichwa, basi. Pasipoti yangu ya Tanzania haikuwemo kwenye orodha yao ya kuhakikiwa kwa video, nikaambiwa niende posta na karatasi yenye msimbo. Nimefika, mama wa dirishani anaangalia pasipoti, anaangalia karatasi, anatikisa kichwa. Majina. Sisi tuna letu, la baba na la babu. Kwenye fomu niliandika mawili kwa mazoea, pasipoti inayo matatu. Akanirudisha. Andikeni yote, herufi kwa herufi kama pasipoti, hata kama babu yako ana jina refu kama treni.

Mara ya pili ikakubali. Kadi inatumwa kwa barua, na namba ya siri inatumwa kwa barua yake, siku nyingine, makusudi. Nikangoja siku kumi. Kumi na tano. Napiga simu, nasikilizishwa muziki dakika arobaini, dada anakuja kuniambia kadi imerudi kwao. Imerudi vipi? Mpokeaji hajulikani kwenye anwani hiyo. Nikashuka ngazi na ndala, baridi ile, nikaangalia sanduku letu la barua. Jina la mwenzangu lipo, limechapwa vizuri. Chini yake jina la mpangaji aliyehama. Langu hakuna. Na majengo mengi huku vyumba havina namba. Mtu wa posta anasoma majina, asipoliona lako anaondoka na barua yako. Hamna cha kuuliza duka la Mangi. Nikachukua plasta, ile ya kidonda, gundi sikuwa nayo, nikaandika majina yangu matatu nikabandika. Ipo mpaka leo, imeanza kujikunja pembeni.

Haya, kadi. Niliyopata ni Visa ya debiti, ukilipa hela inatoka kwenye akaunti yako mwenyewe. Asubuhi ya kwanza nimeingia duka la mikate, nimechagua vimikate vinne, natoa kadi kwa mbwembwe. Dada ananionyesha kibao: Girocard au taslimu. Nyuma yangu foleni, na hakuna anayeongea, ndiyo inavyouma. Nikaviacha. Girocard ni kadi yao ya hapa hapa, na benki kadhaa za simu hawakupi au unailipia. Siku hizi natembea na sarafu kama kondakta. Mimi niliyekuwa nalipa bodaboda kwa simu Morogoro!

Kadi ya mkopo niliomba, nikajibiwa kwa barua ya mistari mitatu, hapana, sababu haikutajwa. Huku kuna Schufa, kampuni inayotunza kumbukumbu za watu na madeni yao, na mgeni aliyefika jana hana cha kusomwa humo. Nimeachana nayo. Na wakikupa ruhusa ya kutoa zaidi ya salio, angalia riba kwanza, mara nyingi inapita asilimia 10. Mimi sigusi, lakini maisha ni yako.

Ukikataliwa kabisa, uliza Basiskonto, yaani akaunti ya msingi. Tangu 2016 sheria inampa haki hiyo hata mkimbizi au asiye na makazi maalumu, na ukishajaza fomu sawasawa benki ina siku kumi za kazi. Mimi sikuijua wakati ule. Ningeijua, lile daftari lingekuwa na kurasa chache.

Mwingine kauliza kama anaweza kufanya yote akiwa Dar. Sperrkonto ndiyo, utaifungulia huko huko, mtandaoni. Hii ya kawaida mimi nisingeihangaikia kabla sijapata pa kukaa. Haya, betri inakata, na huyu jirani naye amehamia ukuta wa kwangu.