Mzazi Asitolewe Chumbani

Wanaonijua wananitania kwamba nikishika kipaza sauti lazima nianze na meza. Basi naanza na meza.

Kwa tiba ya familia iliyozaliwa hospitali ya Maudsley, London, wazazi wa binti mwenye anoreksia, ugonjwa wa akili wa kujinyima chakula hadi kukonda vibaya, huambiwa kikao cha pili waje na chakula. Si matunda ya kumjulia mgonjwa hali. Mlo kamili, kiasi wanachoona wao kinamfaa mtoto aliyekonda vile. Wanapakua, wanakula palepale mbele ya mtaalamu. Binti anasukuma sahani. Mama anabembeleza, baba anasema "mwache, ameshiba." Hapo ndipo kazi ilipo! Mtaalamu halishi mtu. Anawapanga wazazi wakae huku na huku kwa binti, wawe na kauli moja. Lengo ni tonge moja zaidi ya alilokusudia kula. Tonge moja tu, na jasho linawatoka.

Kuna mtu pale nyuma anasema huko ni kumlazimisha mtoto. Mwanao mwenye malaria akikataa dawa kwa kuwa chungu, unamwambia "haya, mpaka utakapojisikia"? Na wewe unayetaka chanzo kijulikane kwanza, ukidhani kosa ni la wazazi: kitafute, ila mtoto awe anakula. Mwaka 1945, mtafiti Ancel Keys wa Minnesota, Marekani, aliwapunguzia chakula wanaume 36 wenye afya kwa karibu miezi sita. Wakawa wanakusanya vitabu vya mapishi, wanaramba sahani, wananuna, wanajitenga. Wote hao walikosewa na mama zao? Njaa ndiyo iliyowageuza.

Lawama hizi kwa wazazi ni za kale. Daktari William Gull, karne ya 19, aliandika kwamba ndugu na jamaa ndio wauguzi wabaya zaidi. Mwaka 1987 daktari wa akili Gerald Russell na wenzake wakapima: kwa walioanza kuugua kabla ya miaka 19, na ugonjwa haujafika miaka 3, tiba ya familia ilishinda tiba ya mgonjwa peke yake.

Naonyeshwa saa. Bulimia, yaani kula kupita kiasi kisha kujitapisha au kujinyima, mbiombio: tiba ya daktari wa akili Fairburn wa Oxford, vikao 20 hivi, daftari la kuandika ulichokula papo hapo, milo mitatu na vitafunio katikati, pengo lisizidi saa nne. Wanaume wenye magonjwa haya na suala la kufunga Ramadhani vinabaki kwenye karatasi yangu.

Mwenye binti nyumbani anisubiri mlangoni. Na baba yake aje.