Hayupo, au Hukubandua Gome?

Ndugu zangu, hili nitalirudia mpaka mlichoke. Msitu ukipimwa kwa vikombe vilivyofukiwa ardhini, chambo cha samaki wa kopo na mifuko ya Winkler (ya kutenganishia wadudu na majani makavu ya ardhini), kisha ripoti ikaandika kwamba sisimizi aitwaye Melissotarsus hayupo, ripoti hiyo haijasema lolote. Sisimizi huyu hutoboa vijia ndani ya gome la mti ulio hai, kwa taya zenye zinki, na humo ndimo aishimo. Miguu yake ya kati imeelekea juu: hukanyaga dari ya kijia huku mingine ikikanyaga sakafu. Mtoe umweke kwenye sahani, atagaagaa tu. Sasa kikombe chako atakifikiaje?

Basi shika kisu. Kisu chembamba chenye makali, sio panga, tafadhali! Bandua gome kidogo kidogo, kama milimita 1 kila mara, ukifuata urefu wa shina. Mwenye pupa huzama mpaka kwenye mbao. Sisimizi mfanyakazi ana milimita 2 hadi 3 tu, kwa hiyo umewaponda wote na mti umeujeruhi bure. Ukiona vijia vyenye utando mweupe, usiseme "buibui" ukaondoka. Hiyo ni hariri ya sisimizi mwenyewe. Kwa sisimizi wengine wenye hariri, anayeitoa ni buu. Huyu huitoa akiwa mzima, kutoka kichwani, akaipaka kwa miguu ya mbele kuziba nyufa. Watafiti Fisher na Robertson walilieleza jambo hilo mwaka 1999, kwa sisimizi wa Afrika Kusini. Mwokote kwa ncha ya brashi iliyoloweshwa spiriti, koleo litamvunja. Ukitaka DNA, spiriti iwe ya asilimia 95.

Najua kuna atakayeuliza: si anakamua utamu, kama sisimizi wanaofuga vidukari? Hapana, bwana. Anaoishi nao ni wadudu gamba wa jamii ya Diaspididae, wadudu wadogo ambao kwa kawaida hujifunika gamba la nta, na hao hawatoi maji matamu hata tone. Anakula nta yao au anawala wenyewe? Bado kunabishaniwa, ndiyo maana nataka nao waingie kwenye chupa. Humo vijiani wengi hawana gamba, na watu huwatupa wakidhani ni mabuu.

Kuhusu miti ya matunda, kama ule uitwao safu huko Kamerun, sina muda wa kueleza leo. Limebaki la lebo ya chupa tu: jina la mti, kimo kutoka ardhini, unene wa gome. Chupa isiyo na jina la mti nitamrudishia mwenyewe.