Nani Anashika Faili? Timu na Mgonjwa wa Uvimbe wa Ubongo

Mhadhara uliotolewa Lubumbashi mbele ya wanafunzi wa udaktari na uuguzi, pamoja na familia za wagonjwa

Bamama, bapapa, na ninyi wanafunzi mliojazana huko nyuma, jambo. Nimeombwa niongee juu ya upasuaji wa uvimbe wa ubongo. Upasuaji wenyewe nitaugusa kidogo tu, mnisamehe. Kisu kina saa zake chache. Mgonjwa anaishi na uvimbe miezi, pengine miaka, na muda wote huo yuko mikononi mwa watu wengine.

Nianzie mbali, London, tarehe 25 Novemba 1884. Mkulima kutoka Scotland alikuwa anashikwa na mitetemeko, na mkono wake mmoja umeishiwa nguvu. Daktari wa neva, Alexander Hughes Bennett, hakuwa na picha yoyote ya kichwa. Hata eksirei ilikuwa haijagunduliwa, ilikuja mwaka 1895. Alimpima mgonjwa, akatazama mitetemeko inaanzia wapi na inapanda vipi, akaonyesha mahali pa kufungua fuvu. Mpasuaji Rickman Godlee akafungua, akaukuta uvimbe palepale. Wiki nne hivi baadaye mgonjwa akafa kwa maambukizi. Watu husimulia habari hii kama ushindi, na ni kweli. Mimi hutazama mambo mengine mawili: aliyejua mahali siye aliyekata, na kilichoua hakikuwa uvimbe. Tangu siku hiyo kazi hii ilikwisha kuwashinda watu wawili.

Sasa turudi kwetu. Mtu anafika na picha ya skana iliyolipiwa kwa dola za kuazima, na ndani ya picha kuna doa. Familia inauliza: munganga, mtapasua lini? Ngojeni kwanza. Doa hilo laweza kuwa kifua kikuu kilichopanda kichwani. Laweza kuwa toksoplasma, ugonjwa wa kimelea, kwa mtu mwenye virusi vya UKIMWI, au jipu lililoanzia kwenye sikio bovu, au vifuko vya tegu wa nguruwe. Laweza kuwa kansa iliyosafiri kutoka kwenye titi au pafu. Laweza pia kuwa meninjioma, uvimbe wa utando unaofunika ubongo, ambayo mara nyingi si kansa na huota polepole. Mengine kati ya hayo hutibiwa kwa vidonge tu. Anayejua tofauti si mpasuaji peke yake: ni msoma picha, ni daktari wa maambukizi, ni mtu wa maabara, na ni yule aliyekumbuka kumwuliza mgonjwa kama amekuwa akikohoa.

Mfano ninaopenda kuwapa wanafunzi nimeutunga, ila wenzangu waliokaa hapa mbele watautambua. Mama anayekaa Katuba, hapa mjini, ana miaka 30. Hajaona siku zake kwa miezi mingi, na matiti yanatoa maziwa ilhali hana mtoto mchanga. Anaenda kwa daktari wa wanawake. Nyumbani wifi zake wameshapata maelezo yao, na wanayasema kwa sauti. Baadaye anaanza kugonga mabega kwenye fremu za milango, kwa sababu macho hayaoni tena pembeni, ananunua miwani. Kisha kichwa kinauma, anafanyiwa skana, na uvimbe unaonekana kwenye tezi ya pituitari, chini kabisa ya ubongo.

Akianguka mikononi mwa mpasuaji aliye peke yake, huenda akapasuliwa kesho. Daktari wa homoni angedai kwanza kipimo kimoja cha damu, cha prolaktini, homoni ya maziwa. Ikiwa imepanda sana, uvimbe huo kwa kawaida hutibiwa kwa vidonge vya kabergolini au bromokriptini. Unanywea, na mara nyingi uwezo wa kuona unarudi. Lakini mwanamke wa kitanda cha pili, mwenye uvimbe wa aina nyingine palepale kwenye tezi, huyo anahitaji upasuaji, nao hupitia puani. Picha za hao wawili zinaweza kufanana kabisa. Ona sasa: daktari wa wanawake alikuwa na kipande kimoja cha habari, mwuza miwani kingine, mpasuaji cha tatu, na hakuna aliyewahi kuviweka vyote juu ya meza moja.

Niseme na juu ya dexa, maana iko katika kila dispensari ya mji huu. Deksametasoni hupunguza maji yanayovimbisha ubongo kuzunguka uvimbe. Mgonjwa aliyelala jana bila kusema, leo anaomba bukari, ugali wetu. Ndiyo maana tunaipenda, na ndiyo maana tunaitumia ovyo. Kama uvimbe ni limfoma, kansa ya chembe za kinga, dexa yaweza kuunyausha kabla hatujachukua kipande cha kupima, na mtaalamu wa tishu akabaki hana cha kusoma. Inapandisha sukari. Inaweza kuwaamsha minyoo wa strongiloidesi waliolala mwilini miaka mingi, na hao wanaua. Tena haikatwi ghafla. Mgonjwa anayezama kwenye usingizi mzito, mpe, usingoje mtu. Lakini andika dozi, andika tarehe. Muuguzi wa dispensari ya Ruashi ni mtu wa timu hata kama hajawahi kukanyaga chumba cha mkutano wa wataalamu.

Huko Ufaransa, mpango wa kansa wa mwaka 2003 ulidai kila mgonjwa mpya wa kansa ajadiliwe na wataalamu wa fani mbalimbali. Uingereza ilitoa mwongozo wa uvimbe wa ubongo mwaka 2006, na humo kila mgonjwa anatakiwa awe na mtu mmoja anayejulikana kwa jina, wa kumpigia simu. Mtaniambia wale wana mashine. Sawa. Lakini mkutano unataka meza, saa moja kwa wiki, na uamuzi ulioandikwa na kutiwa sahihi. Huyo mtu mmoja ndiye tunayemkosa zaidi. Manahodha wengi, chombo huenda mrama: nimewaona wagonjwa wenye madaktari watano na hakuna hata mmoja anayejua dawa ya kifafa ilibadilishwa na nani. Kwa maoni yangu faili lishikwe na muuguzi, si profesa. Profesa anasafiri. Muuguzi anajua mgonjwa analala kwa nani hapa mjini na nani analipa.

Na suala la kulipa ni la kitiba kabisa. Wako wanaopita mpaka wa Kasumbalesa kwenda Lusaka, Zambia, ambako hospitali ya kansa ilianza kutoa mionzi mwaka 2007. Kwa glioblastoma, uvimbe ulio mbaya kuliko karibu yote, tiba ya kawaida ya mionzi ni grei 60 (grei ni kipimo cha dozi ya mionzi) kwa vipindi 30, yaani wiki sita. Kwa mzee au mtu aliyedhoofika ipo njia ya vipindi 15, wiki tatu. Fikirieni nyumba ya kulala Lusaka, chakula, na mtu wa kumsindikiza. Utafiti mkubwa wa mwaka 2005 ulionyesha kwamba kuongeza temozolomidi, dawa ya kansa, juu ya mionzi kulipandisha muda ambao nusu ya wagonjwa waliufikia wakiwa hai, kutoka miezi 12.1 hadi 14.6. Familia inayotaka kuuza kiwanja iambiwe tarakimu hizo kabla ya kuuza, kwa lugha inayoeleweka, na mtu asiyeogopa kukaa nao wakilia. Daktari wa kupunguza maumivu aitwe tangu mwanzo, pamoja na yule wa mazoezi tunayemwita kine. Wao hawaji kufunga milango ya matibabu. Mtu anayeweza kujipeleka chooni ana siku tofauti kabisa na asiyeweza.

Mama hapa mbele ameuliza kama ataruhusiwa kuingia kwenye mkutano wa madaktari juu ya mume wake. Mara nyingi hapana, mama. Watu kumi wanabishana juu ya picha, si mahali pazuri pa kuketi. Ila anachotaka mumeo lazima kisomwe mle ndani kabla ya picha kufunguliwa: kama anaogopa kupoteza usemi kuliko kufa, kama anataka kuwa nyumbani mtoto akioa. Ukirudi hospitali, mwombe muuguzi aandike hayo juu kabisa ya karatasi ya faili, kisha uyasome mwenyewe uone kama ndivyo alivyosema.