Ahadi za Mazingira na Meza ya Manunuzi

(Mhadhara uliotolewa jijini Mwanza mbele ya watumishi wa umma, wafanyabiashara na wanafunzi)

Ndugu Mwenyekiti, wazee wangu shikamooni. Ndugu watumishi, wafanyabiashara, na ninyi wanafunzi mliojaza viti vya nyuma, habari za asubuhi.

Tarehe 1 Juni 2019 mifuko ya plastiki ilipigwa marufuku nchini. Mama muuza dagaa pale Mwaloni, Kirumba, aliyezoea kumfungia mteja kwenye rambo, ilibidi abadilike. Alinunua mifuko mbadala kwa hela yake, na wateja wengine akawaambia waje na vikapu. Alijua kwamba akikutwa na rambo faini inaanzia shilingi 30,000, na kwa mtaji wake hiyo ni faida ya siku kadhaa. Alitii.

Sasa nauliza: ofisi zilizomsimamia mama huyo zilibadilisha nini katika manunuzi yao wenyewe?

Ninavyoona mimi, ahadi nyingi za mazingira zinakwama kwenye meza ya manunuzi. Kiongozi anatoa hotuba nzuri, pengine kwa moyo wake wote. Kampuni nayo inachapisha sera yenye picha ya mti. Kisha afisa manunuzi anachukua orodha ya mwaka jana, anabadilisha tarehe, anaipeleka kwa mzabuni yule yule. Hakuna aliyemwambia afanye vinginevyo. Ahadi haikuwahi kufika kwake.

Chukueni semina ya mazingira ya watu 100, siku mbili. Kila mtu anawekewa chupa ya maji ya nusu lita asubuhi, nyingine baada ya chai, nyingine wakati wa chakula. Hizo ni chupa 600. Washiriki wakishasaini posho na kuondoka, ingieni ukumbini mtazame. Chupa nyingi zimenywewa mafunda mawili matatu zikaachwa. Mhudumu anapita meza hadi meza, anamwaga maji kwenye ndoo, anaiminya chupa kwa kiganja mpaka inyauke, anaitupia kwenye mfuko mweusi. Nyuma yake ukutani bado linaning'inia bango kubwa la plastiki lenye maneno ya kuhimiza utunzaji wa ziwa. Bango lina tarehe, kwa hiyo mwakani halitatumika.

Na haya yanafanyika katika jiji lenye mtambo wa kusafisha maji pale Capri Point, karibu kabisa na kumbi zetu za katikati ya mji!

Chupa hizo zinakwenda wapi? Zilizo na bahati zinaokotwa na vijana wetu, wanaziuza kwa kilo. Nawaheshimu sana vijana hao, maana wanaisaidia halmashauri kazi yake bila glavu wala mshahara. Nyingine zinapelekwa dampo la Buhongwa. Zinazobaki zinaingia mitaroni, na mitaro ya katikati ya jiji inaelekea Mto Mirongo. Mvua kubwa ikinyesha, simameni darajani muone zinavyoshuka pamoja na vifuniko, makopo na tope. Zikifika ziwani upepo unazisukuma kwenye magugu maji, zinakaa humo zikipigwa jua na mawimbi hadi zinameguka vipande vidogo visivyookoteka tena.

Vipande hivyo vinaliwa. Mwaka 2016 ulichapishwa utafiti wa watafiti walionunua sangara 20 na sato 20 sokoni hapa hapa Mwanza. Walipowapasua na kupima maabara, walithibitisha plastiki katika samaki mmoja kati ya kila watano, kwa sangara na kwa sato pia. Hao ni samaki wa mezani kwetu, wa kuwapa watoto. Nalo ziwa letu, pamoja na upana wake wote, halina kina kirefu: wastani wake ni kama mita 40, na mto unaotoa maji yake ni mmoja tu, Mto Nile, unaotokea Jinja kule Uganda. Tunachokitupa humo tunabaki nacho.

Wafanyabiashara, nanyi sikilizeni. Wengi wetu hapa tumelelewa na soda ya chupa ya kioo. Ulikuwa huondoki nayo dukani bila kuacha chupa tupu au hela ya chupa. Muuzaji alijaza kreti, gari la kiwanda likaja na soda likaondoka na chupa, zikaoshwa, zikajazwa tena. Hakuna mwanamazingira aliyebuni utaratibu ule. Aliubuni mfanyabiashara, kwa sababu chupa ilikuwa mali yake. Siku hizi soda nyingi zinauzwa kwenye plastiki. Kiwanda kimepunguziwa kazi ya kukusanya na kuosha, na gharama hiyo imehamia kwa halmashauri, kwa mvuvi anayenasa chupa kwenye nyavu, na kwa ziwa. Kampuni ikifanya hivyo, kisha ikaleta fulana 50 siku ya kufanya usafi ufukweni, mimi nauliza kwanza kreti zimekwenda wapi.

Magari nitayagusa kwa kifupi. Viongozi wako mkutanini, nje magari yananguruma ili kiyoyozi kisizime. Lita moja ya dizeli ikiungua inatoa takriban kilo 2.7 za hewa ya ukaa, na dizeli hiyo imelipiwa na kodi yenu. Kuzima injini hakuhitaji mfadhili.

Najua nitaambiwa mgeni rasmi hawezi kuwekewa maji ya bomba. Sawa, basi awekewe yale ya dumu kubwa la kurudishwa kiwandani, na glasi. Nitaambiwa pia kwamba chupa ni kitu kidogo, twende tukaongelee viwanda na migodi. Tutaongea. Lakini ofisi iliyoshindwa kuacha chupa, ambayo iko chini ya saini yake yenyewe, itapata wapi nguvu ya kumbana mwenye kiwanda? Sheria ya Mazingira ya mwaka 2004 inakataza shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa ziwa. Mwananchi wa kawaida anaikubali sheria hiyo pale anapoona mwenye cheo naye anabanwa.

Ombi langu ni moja. Mwaka wa fedha unaanza tarehe 1 Julai. Madiwani mliopo hapa, bajeti ikiletwa barazani ombeni kifungu cha semina na mikutano kisomwe mstari kwa mstari: katoni ngapi za maji, mabango mangapi, fulana ngapi, mafuta lita ngapi. Kisha ulizeni kipi kinafutwa, nani ataweka saini, na kuanzia lini. Mameneja, fanyeni hivyo kwenye kampuni zenu. Na ninyi wanafunzi, vikao vya baraza la madiwani viko wazi kwa wananchi. Nendeni mkakae mle ndani, mkasikilize majibu.

Ahsanteni. Nakaribisha maswali.