Msondo ni Ngoma: Miaka Kumi Iliyoigeuza Bongo Fleva

Shikamooni wazee wangu. Wadogo zangu, habari za jioni.

Historia yote ya Bongo Fleva sitaisimulia hapa. Nani alianza kufoka kwa Kiswahili, redio gani ilimpiga nani, hayo mnayajua na wengine mlikuwepo. Leo nataka tuzungumzie miaka kumi tu, 2010 hadi 2020, na tuizungumzie kwa mikono. Kwa hiyo simu mfukoni, mikono nje.

Hesabuni nami, moja mpaka nane, pole pole, mkifika nane mnarudi moja. Kofi lipigwe kwenye moja, kwenye nne na kwenye saba. Haya. Moja, mbili, tatu, nne, tano, sita, saba, nane. Tena. Mzee wangu pale mbele ameshaanza kutikisa bega, hamjambo wengine? Mnachokipiga ni zuku, ule muziki wa visiwa vya Karibi. Ukikuta wimbo wa kubembeleza wa mwaka 2008, 2009, 2010, zile za kubana pua, sikiliza kile kijiti kinachogonga pembeni ya ngoma. Mara nyingi kinasema hivyo hivyo: moja, nne, saba. Moja, nne, saba.

Yashikeni hayo makofi, tutayarudia.

Mimi kazi yangu ni kupiga muziki kwenye sherehe. Harusi, sendofu, kichen pati, kipaimara, nimefanya kazi hiyo tangu 2003. Na tangu siku za mwanzo ninaandika daftari. Ni hili hapa, kaunta buku la kwaya tatu, jalada limeshikwa na gundi ya karatasi, na hii alama ya duara ni kikombe cha chai ya mtu aliyenikosea adabu huko Sinza. Kila wimbo niliopiga nimeuandika safu tatu. Safu ya kwanza jina. Ya pili mwendo: nahesabu mapigo kwa sekunde kumi na tano, nazidisha mara nne. Ya tatu nimeandika K au S. K maana yake watu walikaa. S maana yake walisimama.

Sikuandika kwa ajili ya mhadhara. Niliandika ili nisiaibike mbele za watu, maana ukiunganisha nyimbo mbili zenye mwendo tofauti, ukumbi mzima unajikwaa. Lakini leo nikifungua kurasa za 2010 na 2011 nakuta mwendo wa tisini, themanini na nane, tisini na mbili, na safu ya tatu ni K, K, K. Watu walizipenda zile nyimbo. Waliziimba neno kwa neno wakiwa wamekaa, wameshika soda, wengine macho yamefumbwa. Ilikuwa redio imehamia ukumbini. Kusimama walisimama kwa rumba, kwa mduara, na kwa taarabu wakati wa kutunza.

Sasa nifungue ukurasa wa 2014. Mwezi wa pili, ukumbi wa Mwananyamala, harusi ya watu wa Pwani. Diamond alikuwa ametoa Number One mwaka 2013, na mwanzoni mwa 2014 ikarudi upya akiwa na Davido wa Nigeria. Naipiga hiyo ya marudio. Shangazi wa bibi harusi, mama wa makamo, khanga mbili juu ya gauni, alikuwa amekaa tangu saa moja anasema miguu inamuuma. Akainuka. Hakwenda katikati, aliinukia pale pale pembeni ya kiti, akafunga khanga kiunoni, akashuka nayo taratibu, mgongo umenyooka, kiuno peke yake ndicho kinachosema. Wale wasichana waliokuwa wakicheza kwa kuiga video wakasimama kumtazama. Wimbo ulipoisha akaja mezani kwangu akaniambia, "Mwanangu, rudia huo wenye ngoma."

Hakuniambia rudia wa Diamond wala rudia wa Kinaijeria. Rudia huo wenye ngoma! Nikarudia mara tatu usiku ule. Safu ya tatu nimeandika S tatu na nikapiga mstari chini.

Nilikwenda nyumbani na swali moja. Mama yule, ambaye kalelewa na ngoma za vanga na mdundiko, ambaye video hajaitazama, mwili wake umejuaje? Nikaanza kuhesabu. Sasa rudisheni mikono.

Safari hii tunahesabu mpaka kumi na sita, kwa haraka kidogo. Piga moja, nne, saba, kisha kumi na moja, kisha kumi na tatu. Polepole kwanza. Moja, nne, saba... kumi na moja, kumi na tatu. Tena. Matatu, halafu mawili. Tena! Hayo ndiyo mapigo yaliyo chini ya nyimbo nyingi za mkondo wa Afrobiti, muziki wa Nigeria na Ghana, uliotuingia miaka ile. Na nani asiyeyajua? Rumba ya Kongo imekaa juu yake. Yalitoka Afrika, yakaenda Kuba na watumwa, yakarudi na sahani za santuri, na bendi zetu za dansi zimeyapiga kabla wengi wenu humu hamjazaliwa.

Na sasa sikilizeni jambo ambalo nalisema kila nikipewa kipaza sauti, na nitalisema mpaka lieleweke. Zuku ilikuwa moja, nne, saba. Haya mapya yanaanzaje? Moja, nne, saba! Nusu ya kwanza haikuguswa. Kilichobadilika ni nusu ya pili. Zuku inarudia yale yale matatu, haya mapya yanapumua kidogo halafu yanagonga mawili. Na mwendo ukapanda. Basi. Mabadiliko makubwa tuliyogombania magazetini na vijiweni miaka mitatu yalikuwa nusu ya mzunguko na mwendo kupanda.

Najua mtu anataka kuniambia kwamba tuliiga Wanaijeria. Ndugu yangu, zuku ilikuwa ya nani? Ya Guadeloupe na Martinique, Kassav' waliipigia huko miaka ya themanini. Kuna aliyeandamana kwamba vijana wetu wanaiga Guadeloupe? Tulibembelezwa nayo zaidi ya miaka kumi tukaiita yetu, ikawa yetu kweli. Msiniambie uhalisi unaanza pale ujana wako ulipoishia.

Kingine kinachosemwa ni kwamba mashairi yalikufa. Hili nalijibu kwa heshima kwa sababu linaniuma hata mimi. Mwaka 2001 Professor Jay katika Ndio Mzee alikusimulia mgombea na ahadi zake mwanzo mpaka mwisho, na ulikaa ukasikiliza kwa sababu ulikuwa na redio na Kiswahili. Tarehe 31 Desemba 2012 Dar es Salaam wakazima mitambo ya televisheni ya analojia. Kila nyumba ikatafuta king'amuzi. Na ndani ya king'amuzi mlikuwa na stesheni za muziki za bara zima. Ghafla wimbo wa Tandale unapangwa foleni moja na wimbo wa Lagos na wa Accra, unatazamwa na mtu wa Abidjan asiyejua hata "habari gani". Ubeti wa mistari kumi na sita utamfanyia nini huyo? Kwa hiyo beti zikafupishwa, kiitikio kikaja mapema, neno moja likarudiwa mpaka mgeni alishike. Na yote hayo yakawekwa juu ya ngoma inayoeleweka bila mkalimani. Ukitaka kulaumu, anza na king'amuzi. Kijana aliandika kwa ajili ya msikilizaji aliyekuwa mbele yake, kama alivyofanya Jay.

Wazee wa dansi walilijua hili kuliko sisi. Kila bendi ilikuwa na mtindo wake na jina lake, na watu walikwenda kucheza mtindo, hawakwenda tu kumsikiliza mwimbaji. NUTA Jazz, bendi ya jumuiya ya wafanyakazi iliyoanzishwa 1964, imebadili jina mara kadhaa kila jumuiya ya wafanyakazi ilipobadilika, ikawa JUWATA, ikawa OTTU, lakini jina la mtindo ndilo lililobaki na kuimeza bendi yenyewe: Msondo. Na msondo ni nini kwenye Kiswahili? Ni ngoma ndefu. Mtindo ulipewa jina la ngoma, haukupewa la mtu anayeimba.

Sisi leo tunajua majina ya waimbaji, ya wapenzi wao na ya watoto wao. Nawauliza, nani aliipiga ngoma ya Number One? Naona mkono mmoja. Ahsante, dada. Sheddy Clever. Tetema ya Rayvanny, 2019? Naam, S2kizzy, kwa sababu analitaja jina lake mwanzoni mwa wimbo, na ana haki ya kulitaja. Wengine mia je? Nina rafiki, prodyuza, sitamtaja, ngoma zake zilipigwa kila daladala mwaka 2012. Kompyuta yake iliungua umeme uliporudi kwa kishindo. Ndani yake kulikuwa na faili za kazi zote, kila pigo la ngoma peke yake, kila kinanda peke yake, sauti za watu ambao wawili wamekwisha fariki. Alimpelekea fundi, fundi akamwambia diski hii haifai, akaitupa. Muongo mzima wa mikono ya mtu ukaenda na taka za Jumanne! Tunachobaki nacho ni wimbo uliokwisha pikwa. Ukitaka kujua pilau ilipikwaje huwezi kuuliza sahani.

Mwenye ukumbi ananionyesha saa. Nikimbie basi.

Singeli. Nilitaka kuipa robo saa. Ilizaliwa kwenye vigodoro, zile sherehe za mtaani za usiku kucha, za Manzese na Tandale, mama yake mchiriku, muziki wa uswahilini wa vile vinanda vidogo, na vipande vya taarabu vilivyozungushwa na kukimbizwa. Daftari langu lilishindwa nayo, nilihesabu nikapita mia mbili kwa dakika nikadhani nimekosea. Redio nyingi ziliikwepa mpaka Man Fongo alipokuja na Hainaga Ushemeji mwaka 2016. Mwaka uliofuata lebo ya Kampala, Nyege Nyege Tapes, ikatoa Sounds of Sisso na Ulaya wakaanza kuiandika kama jambo geni. Ilikuwa Manzese miaka yote hiyo. Mwaka huo huo 2016 Diamond na Rayvanny waliuchukua wimbo wa Saida Karoli wa Kagera wakautia ngoma mpya, ukaitwa Salome, na bibi na mjukuu wakasimama pamoja. Safu ya tatu, S.

Gengetoni ya Nairobi ya 2018 naiacha, Wakenya mnisamehe. Amapiano imeingia mwishoni kabisa mwa muongo kutoka Afrika Kusini, mwendo wa mia na kumi na kidogo, na ngoma yake imehamia kwenye besi, ile inayodunda kama mtu anagonga gogo. Hiyo ni ya daftari la pili. Na Novemba 2020 Diamond anamshirikisha nani? Koffi Olomide, katika Waah! Muongo ulioanza tumekaa kwenye zuku umefungwa tumesimama na Mkongo.

Jambo langu la mwisho ni ombi. Kama una diski ya zamani, kompyuta isiyowaka, flashi ya studio iliyofungwa, mali ya kaka yako aliyekuwa akipiga biti, usimpe fundi wa njiani wala muuza vyuma chakavu. Nimeleta kompyuta na waya za kila aina. Tunanakili, unaondoka na chako, na mimi naandika jina la aliyepiga, mwaka na mahali. Nipo mezani hapa mpaka wafunge geti.

Wewe kijana wa mitambo, weka ile ya 2014. Na nyie, mikono juu. Moja, nne, saba...