Mnaouliza hela ya kwenda kuangalia baleti London natoa wapi

Haya jamani, leo nimekaa nijibu hili swali maana kila nikiposti video nalikuta kwenye komenti, "dada hela ya kwenda kuangalia wazungu wanacheza unaitoa wapi na nyumbani watu wana shida". Sijaja kuringa, na sijaja kulialia pia. Tiketi yangu ilikuwa ya kusimama, pale Royal Opera House, ule ukumbi wa baleti na opera ulioko Covent Garden, London, wanazo, bei yake haifiki hata nauli yangu ya wiki ya kwenda kazini. Miguu iliuma, basi.

Romeo na Juliet mnaijua, siwahadithii. Hii ni ile baleti iliyotungwa na Kenneth MacMillan, muziki wa Prokofiev, ilianza hapo hapo Covent Garden mwaka 1965. Aliitunga na wachezaji wawili, Lynn Seymour na Christopher Gable, wakajitoa kweli mazoezini, halafu usiku wa kwanza nafasi zao wakapewa Margot Fonteyn na Rudolf Nureyev kwa sababu ndio wenye majina. Hii iliniuma jamani, maana mimi kazini kwangu kwa kwanza nilimfundisha mtu zamu zote, usupavaiza akapewa yeye, mimi naambiwa karatasi zako bado, na hizo karatasi ada nimelipa, mwanasheria nimelipa, miezi saba nasubiri barua.

Sasa kuna sehemu, wazazi wanamlazimisha Juliet aolewe na kijana anayeitwa Paris, anabaki peke yake chumbani. Anakaa ukingoni mwa kitanda, hachezi. Muziki unapanda mpaka unausikia kifuani na yeye katulia tu, anaangalia mbele, halafu ghafla anainuka anakimbilia kwa padri. Nililia pale. Usiku ule barua yangu ilipokuja imeandikwa wamekataa nilikaa kitandani hivyo hivyo mpaka asubuhi, nikainuka nikaanza fomu upya.

Na mwisho, kaburini. Prokofiev mwanzoni alitaka Juliet asife, alisema mtu anayekufa hawezi kucheza. MacMillan yeye Romeo wake anamnyanyua Juliet akidhani kafa, anajaribu kucheza naye kama walivyocheza zamani, na mikono ya Juliet inaanguka tu, inaanguka. Siwezi kuisahau.

Sisemi kila mtu aende, mwenye ada ya mtoto alipe ada kwanza, kila mtu na hali yake, mimi naongelea yangu. Na mama najua unaangalia, ile hela ya bati niliituma Ijumaa, kabla sijakata tiketi.