Samaki anawezaje kutulia katikati ya maji? Jaribu na chupa na kifuniko cha peni

Oyaa wadau karibuni tena, leo tuone kwa macho samaki anawezaje kutulia pale katikati, hazami wala haelei juu, utadhani ananing'inia kwenye uzi. Tafuta chupa ya plastiki yenye kizibo chake, kifuniko cha peni na plastisini ya watoto, basi.

Kwanza kama kifuniko kina katundu kule juu, kazibe vizuri. Alafu bandika plastisini kuzunguka mdomo wake ila mdomo wenyewe usiuzibe, maji lazima yaingie. Sa kijaribu kwenye glasi ya maji, kinatakiwa kisimame wima na kichwa tu ndo kichungulie. Hapa usiwe na haraka, mi mara ya kwanza niliweka plastisini kibao kikazama jumla, so punguza vipande vidogo kama kichwa cha kiberiti.

Kiko poa? Jaza chupa mpaka juu kabisa, tumbukiza kifuniko mdomo ukiwa chini, kaza kizibo. Minya chupa. Umeona kilivyoshuka! Achia, kinapanda. Sogeza jicho karibu, ukiminya kapovu ka hewa mle ndani kanasinyaa na maji yanachukua nafasi yake, ndo maana kinakuwa kizito.

Samaki wengi wana kapovu kao, kibofu cha hewa, kiko chini ya uti wa mgongo. Ila sikiliza, watu wanasema anakiminya ili ashuke, hapana bwana, kushuka na kupanda ni kazi ya mkia na mapezi. Akifika mita 10 mgandamizo unakuwa mara mbili ya ule wa juu, kibofu kinasinyaa na yeye anazidi kuzama, so gesi inatoka kwenye damu inaingia mle mpaka kirudi saizi yake, tena taratibu. Ndo maana akivutwa ghafla toka kina kirefu kibofu kinavimba mpaka tumbo linamtokea mdomoni, yaani inatisha.

Na balansi je? Kwa wengi uzito umekaa juu juu, so mapezi yasipocheza kila saa anapinduka, ndo hivyo akifa unamkuta tumbo juu. Papa yeye hana kibofu, ana ini kubwa limejaa mafuta, ndo linamsaidia asizame kirahisi.

Haya rudi kwenye chupa, minya nusu nusu ukisimamishe kifuniko katikati. Mi rekodi yangu sekunde nne.